Siku Nilipomtoa Mwamvua Benchini

Nilitakiwa kusema hapana. Nahodha Sudi alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana yangu pale Ujiji, wavuvi wake wamejipanga nyuma yake kama watu waliokuja kuposa, akaniambia, "Fundi, mtoe huyo binti kwenye benchi. La sivyo, taa zetu tunazipeleka kwa fundi wa Gungu." Binti mwenyewe ni Mwamvua, mwanangu wa pili. Mkononi alikuwa ameshika chuma cha moto, kile tunachoyeyushia risasi ili kuunganisha nyaya. Hakugeuka kuwatazama. Alikuwa ananisikiliza mimi nitajibu nini.

Nikasema, "Sawa, nahodha."

Nikamtoa kile chuma mkononi kikiwa bado kinafuka moshi.

Ninyi wasichana mnaosoma kompyuta kwa Mwamvua kule Katubuka mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu ya ufundi. Mkasema mnataka na makosa, maana mafanikio mnahubiriwa kila akija mgeni rasmi. Basi hilo ndilo kosa kubwa, nimelitanguliza lisije likanikimbia. Mengine nitayaandika kama yatakavyonijia.

Ufundi nilifundishwa na Papa Kabwe, mzee aliyevuka ziwa kutoka Kalemie akiwa na redio mbili mbovu na mke mmoja mkali. Nilikwenda kwake nimemaliza kidato cha nne, najiona msomi. Siku ya kwanza akanipa redio niifungue. Nikaifungua haraka haraka, skrubu nikazirundika mezani, nikamtazama nikisubiri sifa. Akazizoa zote, akazitikisa kiganjani, akanirudishia. "Sasa funga." Nilihangaika asubuhi nzima. Skrubu ndefu nikaikaza mahali pa skrubu fupi, ikaenda kutoboa spika.

"Weye uko na cheti ya kufungua," akaniambia kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. "Ya kufunga utapata siku gani?"

Tangu siku hiyo skrubu zangu hukaa kwenye sahani, kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Ninyi mnaofungua kompyuta mpakato, skrubu zake ni ndogo kama mbegu za mchicha, lakini tafuteni sahani.

Jambo jingine alilonifundisha ni kwamba usianze kwa kukipima kifaa. Anza na mwenye kifaa. Muulize, "Ulikuwa unafanya nini kabla hakijazima?" Atakujibu kimezima chenyewe tu. Usimwamini. Hapa Ujiji sijawahi kuona kitu kilichozima chenyewe. Ama mtoto alikimwagia uji, ama shemeji alijaribu kukitengeneza kwanza. Mama mmoja muuza dagaa aliniletea redio inayokoroma. Nikabadilisha hiki, nikabadilisha kile, siku mbili zikakatika. Papa Kabwe akaichukua, akainusa, akaitikisa. Dagaa mkavu akadondoka kutoka nyuma ya spika. Kumbe mama alikuwa anaiweka redio juu ya gunia.

"Huyu ndiye mtangazaji," akasema Papa Kabwe, akamla.

Sasa niwaeleze jinsi kazi ya taa ilivyokuwa, ndipo mtaelewa kisa cha Nahodha Sudi. Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa kwa taa, na taa inafaa penye giza. Mwezi ukijaa, dagaa hawaijali taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa, na taa zote mbovu zinaletwa kwa fundi. Mbalamwezi ikianza, karakana yangu ilikuwa haina pa kukanyaga. Na kazi yote ilitakiwa iishe kabla giza halijarudi, maana mvuvi asiye na taa gizani ni sawa na mkulima asiye na jembe wakati wa mvua.

Enzi za karabai nilikuwa mfalme. Ukijua kuzibua tundu la mafuta na kukaza pampu, umeshiba. Kisha zikaja taa za betri, zenye vijitaa vingi vidogo vilivyopangwa mstari na kibao cha saketi ndani yake. Hapo ufalme ukaisha. Nilikuwa nakaa na taa moja kutwa nzima, napima kuanzia mwanzo wa waya, kijitaa kwa kijitaa, mpaka nikifikia penye ubovu.

Mwamvua alikuwa darasa la sita. Akitoka shule alikuja karakanani kuniletea chakula, akabaki kuangalia. Siku moja akaniuliza, "Baba, kwa nini usianzie katikati?"

"Katikati ya nini?"

"Ya waya. Ukipima katikati ukakuta moto upo, ubovu uko mbele. Ukikuta haupo, uko nyuma. Nusu nzima unaiacha."

Nikamcheka. Halafu nikajaribu akiwa ameondoka, nisionekane. Taa ya kutwa nzima ikanichukua muda wa kunywa chai. Kesho yake nikamvutia kigoda, nikamkalisha kwenye benchi upande wa dirishani, nikampa taa iliyokwisha kufa kabisa aifanyie mazoezi. Hiyo nayo ichukueni: mwanafunzi aanze na kifaa kilichokufa. Huwezi kukiua mara ya pili, na mkono usioogopa unajifunza haraka. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anatengeneza taa za wateja, na mimi nilikuwa nasema "nimezimaliza" kana kwamba mikono yote minne ni yangu.

Ndipo wavuvi wa Nahodha Sudi wakarudi na mitumbwi mitupu.

Ziwani kwetu wapo wavuvi wanaoamini kwamba mwanamke hapaswi kugusa chombo cha kazi kinachokwenda majini. Akiruka wavu, samaki wanakimbia. Akikaa kwenye mtumbwi, balaa. Taa ni chombo cha kazi. Siku zile upepo wa kusi ulikuwa umevuruga maji na hakuna aliyepata dagaa wa kueleweka, wa Sudi wala wa mtu mwingine yeyote. Lakini kijana wake mmoja alikumbuka amemwona msichana akiishika taa yao dirishani.

"Fundi," nahodha akaanza, "hii taa nani kaigusa?"

"Imetoka kwenye karakana yangu, nahodha. Nimeigusa mimi."

"Usinizungushe. Vijana wamemwona binti."

"Hiyo imeshakuwa taa ya jikoni," akadakia mmoja wao. "Dagaa wameiona wakadhani wanaitwa kwenye kikaango."

Wakacheka. Mwamvua akauliza kwa sauti ya kawaida, bila kuinua kichwa, "Samahani nahodha, taa iliwaka au haikuwaka?"

"Iliwaka."

"Basi mimi nilitengeneza taa. Dagaa sikuwatengeneza mimi."

Yule kijana wa taa ya jikoni alitoa kicheko kingine, safari hii akimcheka nahodha, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu mzima akichekwa na vijana wake hawezi tena kurudi nyuma. Nami nikasema, "Mwamvua, nyamaza." Ndipo yakaja maneno yale ya Gungu, na jibu langu mnalijua.

Sababu ninazo. Nilikuwa na watoto wa kulisha, na wenye mitumbwi wote walikuwa wanamsikiliza Sudi. Nimezirudia sababu hizo kichwani miaka mingi, na kila nikizirudia nazikuta ni za kweli na hazitoshi. Mtu wa kuhamia Gungu angehama, halafu mbalamwezi ya pili angerudi, kwa kuwa fundi wa Gungu alikuwa bado anapima kuanzia mwanzo wa waya.

Nikamweka Mwamvua kule mbele ya karakana auze vocha na betri. Alivuta kiti akakaa amenipa mgongo. Baada ya wiki kama mbili, giza limerudi na wavuvi wamekwenda zao, nikamwita kwa sauti ya chini, "Njoo, mama. Hawapo. Njoo benchini."

Akanijibu, "Baba, fundi wa kujificha ni mwizi."

Ningeweza kumwita mchana kweupe, mbele ya Sudi na mji mzima. Hilo sikuliweza.

Mnaonijua mnajua kwamba sikuishia kwenye taa. Simu za kugusa zilipoenea, nikajitia fundi simu. Makosa yangu ya simu yangejaza kapu, ila moja lina faida, nalo ni hili. Mwalimu mmoja wa fizikia na kompyuta wa sekondari, Madamu Stella, alidondosha simu yake ziwani kule Bangwe, akaniletea ikichuruzika maji. Nami, ili nijue kama iko hai, nikaichomeka chaji. Ilikuwa hai. Niliiua mimi.

Simu iliyoingia maji msiichomeke umeme kabisa. Izimeni, toeni betri kama inatoka, fungueni, safisheni kibao kwa spiriti na brashi laini, muiache ikauke mpaka mchoke kusubiri. Na muache mtindo wa kuifukia kwenye mchele. Mchele ni wa pilau.

Madamu alipokuja kuifuata, nilikuwa nimetoka. Alimkuta Mwamvua kwenye kiti chake cha vocha, wakati huo yuko kidato cha kwanza. Nilipokuwa narudi nikasikia mazungumzo kutoka barazani.

"Simu yangu imepona?"

"Shikamoo, Madamu. Imekufa. Ilikuja hai, ikafia kwenye chaji."

"Nani aliiweka kwenye chaji?"

"Baba. Maji yanapitisha umeme pasipotakiwa, ndiyo maana ikaungua. Ningekuwa mimi ningeisafisha kwanza."

Nikatamani baraza lipasuke niingie. Madamu Stella alikuwa mtu mpole. Aliponiona akasema, "Mzee, simu tuiache ipumzike kwa amani. Ila nipe huyu binti jioni aje chumba cha kompyuta pale shuleni. Wanaokuja ni wavulana watupu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunijibu kama alivyonijibu huyu."

Nikakubali. Natamani ningesema nilikubali kwa busara. Nilikubali kwa aibu, kwa kuwa simu yake ilikuwa imelala mezani kama maiti. Hata hivyo mlango ulifunguka, na kwa hilo naishukuru hata ile simu.

Kuanzia hapo sikujua tena alikuwa anajifunza nini. Alimaliza sekondari, akaenda chuo, akarudi Kigoma na kompyuta yake begani. Nyumbani hatukugombana hata siku moja. "Shikamoo baba, umekula? Mama amekunywa dawa?" Tukazungumza mvua, tukazungumza harusi za jamaa. Habari za kazi hakuzigusa, nami sikuuliza. Nilipostaafu, mikono imeanza kutetemeka na macho hayaioni skrubu, nilikuwa nakaa barazani na hofu moja tu. Nilihofu kwamba siku ile nilipomwambia nyamaza, mtoto alinyamaza kweli. Kwamba ile akili ya kuanzia katikati ilifia palepale, na hii kazi yake ya kompyuta ni ya kuchapa barua za watu.

Mbalamwezi moja, si zamani sana, nikasikia hodi. Nahodha Sudi, mzee sasa, ndevu nyeupe, amekumbatia boksi la taa kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.

"Fundi, hizi taa mpya zina ubongo. Tukifika katikati ya ziwa, moja inazima yenyewe."

"Hakuna kitu kinachozima chenyewe."

"Ego, ndiyo, najua wimbo wako huo. Twende kwa binti yako."

Nikamtazama. "Wewe ndiye unayesema twende?"

"Fundi, usinichimbe. Wajukuu wangu wanakula kwa taa hii."

Tukapanda bodaboda mbili hadi Katubuka, yeye mbele na boksi lake, mimi nyuma namwona akilikinga na mashimo kuliko anavyojikinga mwenyewe. Baadhi yenu mlikuwepo. Mmoja wenu, mwenye kilemba cha bluu, alitupisha kiti. Sudi hakukaa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Hodi, fundi."

Nilidhani ananiita mimi. Alikuwa anamwita Mwamvua.

"Karibu nahodha, shikamoo. Shikamoo, baba." Akapokea boksi, akaliweka mezani, akafungua, na skrubu akaziweka kwenye sahani moja baada ya nyingine. Kisha akamuuliza, "Mlikuwa mnafanya nini kabla haijazima?"

Lilikuwa swali la Papa Kabwe, lilivyo, limevuka ziwa, limepita kwangu, limefika Katubuka.

"Hakuna," Sudi akajibu. "Inazima tu." Mwamvua akamngoja mpaka akaongeza, "Basi, tunakuwa tumewasha taa ya pili."

"Haya, hapo tumeshapata."

Akaunganisha waya kutoka kwenye taa hadi kwenye kompyuta. Yakaja maandishi ambayo mimi siyajui. Akatuelekeza kwa kidole: ile taa ina maagizo ndani yake, mtu aliyeitengeneza aliiandikia kwamba nguvu ya betri ikishuka hadi kiasi fulani, izime. Mkiwasha taa ya pili kwenye betri ileile, betri inalegea kidogo, taa ya kwanza inadhani betri imekwisha, inazima. Akatafuta mahali palipoandikwa hivyo. Na hakuanzia juu. Alishuka moja kwa moja hadi katikati ya maandishi, akajaribu, akaacha nusu nzima, akaingia katikati ya nusu iliyobaki.

Nikageuza uso, nikajifanya naangalia feni.

"Sasa umeiandikia dawa gani?" Sudi akauliza.

"Nimeiambia isizime ghafla. Ipunguze mwanga kwanza, ikuonye."

"Kumbe taa nayo inaambiwa?"

"Inaambiwa, nahodha. Na inasikia kuliko watu."

Mkacheka ninyi wote, nakumbuka. Sudi akainamia kofia yake. "Hilo nimelistahili," akasema. Kisha akauliza kile ambacho kila mtu angeuliza: "Haya yote nani alikufundisha?"

"Madamu Stella. Halafu chuo."

Alisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja siku ya juma. Sudi akanitazama mimi. Nami nikatazama taa. Ilikuwa inawaka vizuri.

Wasichana, nimesikia wawili kati yenu wamezuiwa na baba zao wasije tena jioni, kwamba kompyuta zitawaharibu. Baba hao ni rafiki zangu, tunasali pamoja, na nitakwenda kuwaona. Wakati huo, atakayeambiwa akae mbele auze vocha, akae, ila macho yasikae. Ulizeni. Kosa likitokea kwenye kompyuta, someni ujumbe wake polepole hadi mwisho kabla ya kubonyeza chochote, maana haiwatukani, inawaeleza. Kazi mliyoifanya leo iwekeni na mahali pa pili, umeme wa Kigoma mnaujua. Na mtu akisema dagaa wamekimbia kwa sababu yako, muulize kama taa iliwaka.

Mimi tangu ile safari ya bodaboda nalala usingizi mzuri. Sikumharibia. Ile hofu niliyokaa nayo barazani imeniondoka, na kila nikipita mbele ya chumba chenu nikasikia vidole vyenu vikigonga vibonye, namshukuru Mungu kwamba mtoto alikuwa mkaidi kuliko baba yake alivyokuwa mwoga.

Ila mliniomba makosa, na kosa lina bei, kwa hiyo niitaje. Nilikuwa na benchi, nilikuwa na zana, nilikuwa na jioni zote za miaka ile, na mtoto mwenye akili kama ile alikuwa amekaa hatua chache kutoka nilipo, amenipa mgongo. Katika yote anayoyajua, mimi nilimpa sahani ya skrubu na swali moja. Mwanangu ni fundi, na aliyemfundisha si mimi.